Pumzi Ishirini na Tisa

Kuandika mimi sijui. Shule niliiona kwa mlango tu, nikipelekea ndugu zangu chakula. Haya maneno nasema mimi, mjukuu wangu mkubwa anaandika, na nimemwambia asiyapake mafuta.

Mimi ni mtu wa kuiga. Tangu nikiwa msichana, mtu akiongea mbele yangu sauti yake inaingia ndani na haitulii mpaka niitoe kwa mdomo. Padri wetu naweza. Chifu naweza, hata vile anameza mate kabla ya kusema "serikali". Marehemu mume wangu nilimuiga siku ya matanga yake, watu wakacheka wakilia. Huku juu ya Mumbuni, ukipata wanawake wameketi mahali wanashika mbavu, jua niko katikati.

Sasa kuna mama wa afya wa kijiji chetu. Ni mtu wa hapa hapa, ameolewa boma ya tatu kutoka kwangu. Walimpa mfuko wa buluu, mizani ya kuning'iniza watoto, utepe wa kupima mkono, na simu. Anapita nyumba kwa nyumba akiuliza yale simu inamwambia aulize. Sauti yake ni nyembamba, ya pole, kama mtu anaongea na kuku asimkimbie. Mimi ananiita susu, ndiyo bibi kwa lugha yetu. "Susu, mtoto amekula? Susu, mtoto ameharisha?" Hiyo sauti niliipenda vibaya. Nilikuwa naiga hata kama mwenyewe hayuko.

Binti yangu kitindamimba anashona nguo kwa kiwanda huko Athi River. Analala huko, anakuja Jumamosi. Mtoto wake, kasichana ka mwaka moja na nusu, anakaa na mimi.

Ilikuwa Jumatano. Tulikuwa wanawake wanne kwa uwanja wangu, tunaambua mbaazi. Mtoto alikuwa na kikohozi tangu Jumatatu, na mwili moto moto. Nilikuwa nimempaka mafuta kifuani nikasema itaisha. Mama wa afya akafika, akaweka mfuko chini, akamwangalia mtoto, akasema anataka kuhesabu pumzi.

Kama hujaona hiyo kazi, ni hivi. Unainua shati ya mtoto, unaangalia vile kifua na tumbo zinapanda na kushuka, unahesabu dakika moja nzima. Simu ndiyo inashika dakika. Ikianza inalia tii, ikimaliza inalia tii tii. Halafu unaandika nambari. Kama nambari ni kubwa sana, simu inageuka nyekundu, inasema mtoto apelekwe hospitali leo. Lazima mtoto atulie, na mwenye kuhesabu atulie. Hiyo yote nilijua. Alishanieleza siku ingine, na kwa jirani niliona simu ikigeuka nyekundu na mtoto akakimbizwa.

"Susu, mkalishe kwa mapaja," akasema. "Sasa tunyamaze kidogo, dakika moja tu."

Nikamkalisha. Tii. Akainama.

Nikasema kwa sauti yake, ile ile nyembamba: "Tunyamaze kidogo. Na mbaazi pia zinyamaze."

Wanawake wakapasuka. Mtoto akashtuka, akalia, akakohoa. Mama wa afya akatabasamu tu. Akangoja mtoto anyamaze, akaanza tena. Tii. Midomo yake ilikuwa inacheza, anahesabu polepole. Nikaangalia hiyo midomo, nikashindwa. Nikalia kama simu: "Tii tii!" Akainua kichwa haraka, akafikiri dakika imeisha, akaangalia simu, akatuangalia. Mmoja wetu alianguka nyuma kwa gunia akicheka.

"Susu, tafadhali."

"Susu, tafadhali," nikasema na mimi.

"Hesabu imepotea mara mbili. Niko na nyumba ingine kumi na moja."

"Kwani pumzi zinaenda wapi? Si ziko hapo tu. Andika ishirini na tisa, ni miaka ya mama yake, tuendelee na mbaazi."

Nilisema nikicheza. Lakini yeye akaangalia jua. Akaangalia wale wanawake wakipanguza macho. Akaangalia mtoto, amelala kwa kifua changu mdomo wazi. Halafu nikaona kidole chake. Kikabonyeza mara mbili, simu ikatoa rangi ya kijani. Akasema nimpe maji ya vuguvugu na uji, akibadilika nimpigie. Akachukua mfuko, akaenda.

Kusoma sijui, lakini kidole najua kusoma. Hakuwa amehesabu. Aliandika ile nambari ilitoka kwa mdomo wangu. Niliona, na sikumwita arudi. Na mtoto alikuwa hapa kwa kifua, tumbo lake linagonga mkono wangu mbio mbio, kama kifaranga ukimshika. Mkono ulisikia. Mdomo ndio ulikuwa na shughuli.

Alhamisi asubuhi mtoto alikataa uji. Akivuta pumzi, ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani, inaacha shimo. Nilimfunga mgongoni, nikasimamisha pikipiki, nikamwambia kijana wa watu aende kama ameiba.

Hospitali kubwa, sista alimfunga kwa kidole cha mguu kitu kama kibanio cha nguo, kina taa nyekundu. Kikaonyesha nambari. Yeye hakunisomea, alifunga mdomo tu, akaita mwenzake. Wakampitisha mbele ya watu wote kwa foleni, wakamwekea mpira wa hewa kwa pua. Ndipo sista akaniangalia. Huyo ana sauti ya kupasua kuni. "Mama! Mtoto anavuta pumzi hivi tangu lini? Mlikuwa mnangoja nini?"

Nikasema, "Jana alipimwa. Wakasema ni mzima."

Wakasema. Sikia mimi.

Binti yangu alifika jioni na aproni ya kiwanda bado iko kiunoni. Alishika mguu wa mtoto, ule wenye kibanio. Halafu akapigia mama wa afya, simu ikiwa kwa sauti kubwa, wadi yote inasikia.

"Ulimpima mtoto wangu nini wewe? Niambie. Ulipima nini?"

Upande ule ikatoka ile sauti nyembamba: "Nisamehe, dada. Nisamehe."

Binti yangu akanigeukia. "Mwaitu, mama yangu, si ulikuwa hapo? Alipima ama hakupima?"

"Alipima," nikasema.

Neno moja. Hakuna mtu alinishika shingo. Ningesema, alijaribu na nikamharibia. Lakini niliona uso wa binti yangu na nikaogopa huo uso ukinigeukia mimi, nikaacha ubaki kwa yule mwingine.

Siku ya sita mtoto alitolewa hospitali akitembea, akivuta shuka ya watu. Mungu alikuwa amenisamehe hapo kwa mtoto. Lakini binti yangu hakurudi kazini mpaka apitie dispensari yetu, akasema yule mama anyang'anywe simu, ataua mtoto wa mtu.

Wakaita mkutano. Daktari wa dispensari alikuwa na ile simu kubwa bapa, inaonyesha kila kitu imeandikwa vijijini. Huyo anaongea na pua. "Jumatano, pumzi ishirini na tisa. Siku iliyofuata asubuhi, hospitali, pumzi sitini na mbili. Kina mama, heri hii simu ikose nambari kuliko iwe na nambari ya uongo. Mtoto alikuwa anaungua na sisi tunaona kijani."

Mama wa afya alikuwa amesimama mbele, mfuko wa buluu ameukumbatia. Wakamuuliza ana neno gani. Akasema hana. Nilingoja anitaje. Nilitaka anitaje, ili nikatae ama nikubali, sijui. Hakunitaja.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi."

Nikaanza kueleza tangu mbaazi. Na hapo ndipo kitu hii yangu ilinigeuka. Nilipofika pale aliniambia "Susu, tafadhali", ilitoka na sauti yake, kabisa, hata ule mkao wa shingo. Benchi ya nyuma ikacheka. Nikaendelea, nikafika kwa "tii tii", ikatoka kama simu yenyewe. Watu wote wakacheka. Daktari akashika mdomo. Nikasema "Msicheke!", na hiyo nayo ikatoka kwa pua kama ya daktari. Hapo ndipo waliisha kabisa. Mama mmoja akapiga makofi, anasema, "Aiya, huyu susu!" Mimi nilikuwa nalia machozi, na wao wakafikiri machozi ni ya mchezo.

Wawili hawakucheka. Binti yangu, na yule mama.

Daktari akapanguza macho, akamuuliza, "Ni kweli ilikuwa hivyo?"

Akasema, "Susu alikuwa anacheza. Lakini simu ilikuwa kwa mkono wangu, kidole ni changu."

Wakachukua simu na mfuko, wakapea mtu ingine mpaka huyu arudie mafunzo tangu mwanzo. Alitoka mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Nilimfuata kwa njia. Mguu wangu ni mbaya lakini nilimfikia. "Mwanangu, nisamehe. Umeona nimesema mbele ya watu."

Akasimama. Aliongea na sauti sikuwa nimeisikia kwake, nzito, na mpaka leo siwezi kuiiga. "Susu, siku ile dada alinipigia, nilikusikia kwa simu. Ulisema 'alipima'. Mimi sikukata simu. Nilikuwa nangoja useme ile ingine."

Akaenda. Sikumfuata tena.

Binti yangu alikuja Jumamosi tatu bila kuniambia neno isipokuwa chumvi iko wapi, sabuni iko wapi. Ya nne akasema, "Mwaitu, wanawake wanapenda kukucheka. Mimi nilikuwa napenda pia." Basi. Akaendelea kuosha mtoto.

Mvua zilipoanza, yule mama alirudishiwa mfuko na simu. Alizunguka nyumba zote, nasikia sauti yake kwa majirani, kwangu hafiki. Halafu Jumamosi moja, mtoto akiwa na mafua, nikasikia hodi kwa mlango. Binti yangu akamkaribisha.

Sikungoja kuambiwa. Nilitoka kwa mlango wa jikoni, nikaenda nyuma kwa zizi la mbuzi, nikasimama hapo kwa matope. Ukuta wetu ni wa mabati, nasikia kila kitu. Nikasikia tii. Mbuzi mmoja akataka kulia, nikamshika mdomo. Hiyo dakika ilikuwa ndefu, sijui kama kuna dakika ingine ndefu hivyo. Tii tii. Nikafikiri nitaitwa. Nikasikia tii tena, anaanza upya, na mimi bado nimeshika mdomo wa mbuzi.

Hakuna mtu aliniita. Nilimwona tu akishuka kwa njia ya chini, mfuko kwa bega, hajageuka. Nikaingia ndani. Mtoto alikuwa anakula ndizi.

"Imekuwa ngapi?" nikauliza.

"Thelathini na moja," binti yangu akasema, bila kuniangalia. "Amehesabu mara mbili."