Injini Iliyooshwa Mara Saba

Injini ya gari haioshwi kwa maji ya kisima. Najua wako watakaocheka waseme maji ni maji. Waliosema hivyo siku ile walikuwa wawili: mmoja ni mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, na wa pili ni fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda mkabala na mlango wetu. Majina sitayataja, kwa kuwa wameacha watoto na wajukuu, na hao hawakunikosea. Lakini aliyekaa mtaa wetu wa Mji wa Kale miaka ile ya sitini atawajua tu, na mimi sina haja ya kuwafichia.

Nilikuwa dereva wa teksi. Skuli niliiacha mapema, nikabaki na chuo cha Kurani na mikono yangu. Gari halikuwa langu, lilikuwa la tajiri mmoja wa Ganjoni, na aliniachia nilale nalo kwa sababu nililitunza. Madereva wenzangu walifungua boneti wakiona moshi. Mimi niliifungua kila Ijumaa asubuhi, injini ikiwa baridi. Kwanza nilitoa waya mmoja wa betri. Kisha nikapita na brashi kavu kuondoa vumbi na majani, halafu tambara lenye mafuta ya taa, la unyevu tu, si la kuchuruzika, nikafuta grisi mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Kofia ya distributa, ile inayogawa moto kwenye plagi, niliifuta kwa kitambaa kikavu ndani na nje. Moto wa umeme ukipata kinjia kingine cha kupita, hauendi kwenye plagi, na gari halina hata nguvu ya kukohoa. Mwisho nilipaka vyuma mafuta mepesi, kwa sababu hewa ya Mombasa ina chumvi na inakula chuma hata gari likiwa limelala.

Ikibidi maji, basi ni ya bomba, tena kidogo. Maji ya visima vya nyumba zetu ni ya chumvi. Ukiyaoga, ngozi yavuta. Yakikauka yanaacha unga mweupe.

Mwaka huo mama alipata safari ya Haji. Alikuwa akiitaja safari hiyo tangu mimi nikiwa sijui kuvaa viatu. Mwanamke hakuruhusiwa kwenda peke yake, lazima awe na maharimu wake, mwanamume wa damu asiyeweza kumuoa, na aliyekuwa tayari ni mjomba. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeshika pasi zote mbili na tikiti zote mbili, katika mkoba wa ngozi alioutundika shingoni. Meli ilikuwa iondoke Kilindini baada ya Adhuhuri siku ya Jumamosi. Mama alikuwa na maradhi ya miguu, imevimba, akipanda ngazi ya nyumbani anapumzika mara mbili. Kila mtu alijua kwamba mwaka ule ukipita, hatapata mwengine.

Ijumaa nikafungua boneti kama kawaida. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulinyesha, nami nilikuwa nimengoja abiria wa mabasi ya bara pale Mwembe Tayari. Kumbe mtoto wa mbwa aliyerowa alipanda kwa chini, akafuata joto, akalala pembeni mwa injini. Nilipoinua boneti akanitazama, akapiga mwayo.

Mjomba alikuwa ameketi barazani. Akasimama kama aliyeumwa na nge.

"Hicho nini?"

"Kijibwa, mjomba. Kimeingia kwa chini."

"Kimeramba?"

"Sijui, mjomba. Sikulala naye."

Fundi wa baiskeli akacheka. Mjomba hakucheka. "Kimerowa, na chuma kimerowa. Najisi imeshika. Gari hili halimchukui dada yangu mpaka lioshwe mara saba, na mojawapo kwa mchanga."

Mama alisikia yupo nyuma ya mlango. "Kaka, kwani mimi nitapanda juu ya injini? Si nitakaa kitini?"

"Dada, waenda kwenye nyumba ya Mungu. Wataka uanze safari juu ya mkojo wa mbwa?"

Mama akaurudisha mlango. Kila aliposhindana na mjomba, safari yake ndiyo iliyotingishika, na wote wawili walilijua hilo.

Mimi nikasema nitapafuta kwa mafuta ya taa. Mjomba akanijibu kwamba mafuta ya taa hayatahirishi kitu. Nikasema basi, yawe maji, lakini nioshe mimi, kwa maji ya bomba, pale tu alipolala mbwa, na kwanza nifunike distributa na kabureta kwa mpira. Mara saba, sawa. Mchanga, sawa, kwa kiganja. Leo gari lina kazi mpaka usiku; kesho asubuhi nitapeleka sanduku la mama bandarini na mkokoteni, nikirudi nitaosha.

"Inshallah," mjomba akasema.

Niliamini Inshallah yake. Jumamosi nikaenda na hamali na sanduku mapema, tukasukumana na watu getini, sanduku likapokewa likapandishwa. Nilirudi karibu mbio. Nilipokunja kona ya mtaa wetu niliona maji ya rangi ya udongo yakitiririka katika mfereji wa njia, nikajua.

Boneti iko juu. Fundi wa baiskeli amekunja suruali, ana ndoo ya kisimani mkononi, anaimwagia injini kama anayezima moto. Mjomba amesimama pembeni, anahesabu kwa vidole.

"Ya sita hiyo! Pale kwenye waya bado, pale, pale!"

"Mjomba!" nikapiga kelele. "Maji ya kisima hayo!"

"Na wewe ungerudi lini? Meli yakungoja wewe?"

Fundi akaniangalia, anatabasamu na jasho lake. "Tulia, ndugu yangu. Injini ni chuma, si sukari. Haiyeyuki." Akamimina ya saba.

Mtu huyo alikuwa fundi. Hilo ndilo sijamsamehe. Mjomba hakujua gari, alijua vitabu vyake alivyovisoma nusu. Lakini fundi alijua kutu ni nini, alikuwa akiziparura baiskeli za watu kila siku kwa sababu ya chumvi hiyo hiyo. Alitaka tu kuonekana amemtumikia anayekwenda Haji.

Mchanga ulikuwa umejaa kila pembe, umeganda kama unga wa maandazi. Nilifungua plagi, nikafuta. Nikatoa kofia ya distributa, nikafuta. Nikapuliza waya mmoja mmoja. Mjomba alikuja mara kwa mara kuniambia saa, utadhani mimi ndiye niliyechelewesha. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakaswali haraka, majirani wakasoma dua mlangoni, mama akatoka na buibui jipya na chupa kubwa ya maji ya kunywa aliyoyafukiza ubani, ya njiani. Nikapiga stata. Injini ikawaka.

"Umeona?" alisema fundi.

Tulipita Makadara vizuri. Mama kakaa nyuma, anavuta tasbihi. Mjomba mbele pamoja nami, mkoba kifuani. Tulipoingia barabara ya Kilindini, injini ikapata moto, na unyevu uliojificha ukaanza kupanda. Nilisikia kwanza ikikosa pigo moja. Kisha mawili. Nikakanyaga mafuta, ikarusha mlio, ikashtuka, ikazima. Gari likasota mpaka ukingoni, likasimama chini ya jua.

Kwa mbali, bandarini, meli ikapiga honi.

Nilifungua boneti. Kofia ya distributa kwa ndani ilikuwa na ukungu, na juu ya ukungu michirizi ya weupe. Chumvi. Nikafuta kwa kitambaa, nikarudisha, nikapiga stata. Ikakohoa, ikafa. Nikafuta tena. Ikafa tena. Kitambaa kilikuwa kinaisambaza ile chumvi, hakiiondoi.

Teksi nyingine ikasimama kando yetu. Dereva wake alikuwa mtu wa bara, kijana mchangamfu, akatoa kichwa nje.

"Shikamoo mzee. Mnaenda melini? Ingieni niwapeleke, huyu atafuata."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikafungua mlango wa nyuma nimshike mama mkono. Mjomba akauweka mkono wake juu ya mlango.

"Marahaba, kijana. Gari lako jana limebeba nini?"

Kijana akashangaa. "Limebeba watu, mzee."

"Na hao watu walibeba nini?"

"Mjomba," nikasema, "nakuomba. Nakushika miguu."

"Gari hili limetahirishwa. Hilo silijui. Sitamtoa dada yangu hapa nimtie pale."

Mama akasema polepole, "Kaka, meli."

"Meli itangoja mahujaji, dada. Haijapata kuwaacha."

Kijana alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nililitazama gari lake mpaka likapotea, na mpaka leo nikifumba macho naliona mgongo wake.

Hapo ndipo akili yangu ilipokuja. Nikamwambia mama anipe ile chupa ya maji.

"Ya kunywa?"

"Yote, mama. Nipe yote."

Mjomba akaruka. "Umepata wazimu? Gari limekufa kwa maji, wataka kulitia maji tena?"

"Limekufa kwa chumvi! Chumvi uliyoitia wewe! Maji baridi, yasiyo chumvi, ndiyo yatakayoitoa!"

Sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya siku hiyo. Mama alinipa chupa, hakumtazama ndugu yake. Nikasuuza kofia ndani na nje kwa yale maji yenye harufu ya ubani, nikasuuza vichwa vya waya, nikasuuza shingo za plagi, kidogo kidogo, mpaka ikawa ulimi wangu ukigusa ule mpira mgumu wa kofia sisikii chumvi. Mama akavua leso yake ya ndani akanipa, kavu, nikakausha. Nikaiweka kofia juu ya paa la gari, jua liimalizie. Kungoja huko kulikuwa kama kukaa juu ya makaa. Mjomba alitembea akienda akirudi, akisoma nyiradi kwa sauti kubwa ili asinisikie nikinung'unika. Honi ikalia mara ya pili.

Nilirudisha kila kitu. Stata. Ikashika.

Nililiendesha gari lile kwa namna ambayo ningemfukuza kazi dereva yeyote. Getini askari alipoona mavazi ya mjomba akatupisha. Gati limejaa watu wanaolia na kupunga mikono. Ngazi ya meli ilikuwa bado iko chini, lakini mabaharia wawili walikuwa wameshazishika kamba zake.

Mama akateremsha mguu mmoja, kisha wa pili. Nikamkumbatia kiunoni.

"Nitangulie niwazuie!" mjomba akasema. Akakimbia. Sikujua kwamba aweza kukimbia vile. Akapasua watu, mkoba ukimpiga kifuani, akapanda ngazi, akafika juu akageuka, akatupungia tufanye haraka.

Mama alikuwa akivuta miguu. "Wangoje, mwanangu, waambie wangoje," aliniambia, na mimi nikawa napiga kelele, yuwaja, yuwaja, mama yuwaja. Nilitaka kumbeba, akaona haya mbele ya watu, akanisukuma. Tukabakiwa na hatua ambazo mtoto angeziruka. Ngazi ikainuka.

Nilipiga kelele matusi ambayo sikuyajua kuwa ninayo. Baharia mmoja akaonyesha kwa mkono kwamba hana la kufanya. Mjomba alikuwa juu, ameshika reli, anasema kitu, midomo inachezacheza. Pasi ya mama ilikuwa shingoni mwake. Sanduku lake limo tumboni mwa meli. Yeye mwenyewe amesimama gatini, amenishika mkono, anaitazama nafasi ya maji ikipanuka.

Njiani kurudi alisema jambo moja tu: "Usimtukane mjomba wako mbele ya watu."

Mjomba alirudi Haji. Mtaa ulimpokea kwa dufu, wakamvisha maua, wakambusu mkono. Mama alikuwa wa kwanza kumbusu. Mimi sikwenda. Baadaye nilimkuta peke yake barazani, nikamuuliza kwa nini hakushuka.

"Ningeshuka vipi, ngazi imeshainuliwa?"

"Kabla haijainuliwa. Ulipogeuka ukatuona. Ulikuwa na nafasi."

"Ningeshuka tungekosa sote wawili," akasema. "Kuna faida gani?"

Fundi naye aliniambia kwamba ni majaliwa, na kwamba injini ilikuwa na ubovu wake tangu zamani. Ubovu! Gari ambalo ungeweza kulia chakula juu ya injini yake. Sikumsalimu tena mpaka alipohama.

Mama hakuufikia msimu mwengine wa Haji akiwa na nguvu, na baadaye hakuufikia kabisa. Siku ya hitima yake, watu wakiwa bado wamekaa, mjomba akatangaza kwamba kwa kuwa yeye keshajihijia, atakwenda tena, safari hii amhijie dada yake, na thawabu zimfikie kaburini. Watu wakasema mashallah. Yaruhusiwa, najua yaruhusiwa. Wazee wakanigeukia mimi, mwanawe, niseme neno la ridhaa.

Nikasema hapana. Nikasema mama yangu nitamhijia mimi.

Mjomba amekufa. Fundi amekufa, kwa ninavyosikia. Katika waliokuwamo garini siku ile nimebaki mimi, na Haji sijakwenda, yangu wala yake. Jamaa hunilaumu kila msimu ukifika, wananiambia ni kiburi, kwamba mama angekuwa ameshahijiwa zamani lau ningekubali. Dada yangu aliniuliza juzi, bila ya ukali, "Ungemwacha tu amhijie, ungepungukiwa nini?"

Nikamwambia, nisingemwacha. Hata leo mjomba angefufuka akaniomba, nisingemwacha.