Kompyuta Niliyoikausha Uchagani

Walisema sitaweza. Mjomba wangu Mutwiri ndiye aliyetamka hivyo waziwazi, jikoni kwetu Githongo, moshi wa kuni mbichi ukituchoma macho: "Kompyuta haijengwi kama banda la mbuzi, kijana." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Leo nina diploma, nimefanya kazi ughaibuni, nimerudi na kufungua karakana yangu mwenyewe Majimbo, mjini Embu. Mtu akitaka kompyuta ya gemu isiyokwamakwama, huelekezwa kwangu. Nasema hivyo bila haya.

Likizo hiyo ya Agosti ukungu ulishuka alfajiri na kukaa hadi saa sita. Nilipanga kila kitu katika daftari la hesabu: kasha hapa, feni hapa, waya wa umeme upite nyuma. Majina ya vipuri niliyatoa saiba, kwenye duka la intaneti, nikayaandika kiganjani kwa sababu dakika zilikuwa zinakwisha. Nilitaka kucheza mashindano ya magari, ambayo kule saiba yalionekana kwa kukatikakatika. Vipuri niliazima. Shangazi yangu wa Karurumo, aliyekuwa amefunga ofisi yake ya kupiga chapa, alinipa kasha na ubao mkuu wa ndani. Mwalimu Kagendo, aliyetufunza kompyuta, alichomoa kadi ya michoro kwenye mashine yake mwenyewe. "Murithi, hii uirudishe shule ikifunguliwa," aliniambia. "Sina nyingine." Hata mjomba alileta skrini, akicheka. Ilibaki ram tu, kile kipuri cha kumbukumbu, ambayo ingefika kutoka Nairobi baada ya wiki tatu.

Tatizo likawa pa kuviweka. Nyumba yetu ilikuwa na unyevu kiasi kwamba chumvi iliyeyuka koponi. Mama akasema, "Weka uchagani na mahindi ya mbegu. Huko hakuna kitu huoza." Uchaga wetu ulikuwa jukwaa la fito juu ya mafiga, mahali ambapo mbegu hukaa hadi mvua. Niliona ni akili sana, nikaandika hata daftarini: hifadhi, uchaga.

Ram ilipofika nilishusha vipuri. Vilikuwa vikavu kabisa, na vyote vimepakwa masizi yenye mafuta, mpaka ndani ya matundu ya kuchomekea. Nilipangusa kwa kitambaa, nikaunganisha kama nilivyopanga, nikawasha. Feni ilizunguka kidogo, kukanuka kama kandambili inayoungua, basi. Skrini nayo haikuwaka. Mjomba alijipiga paja: "Umekausha kompyuta kama mbegu! Sasa ipande, mvua inakuja." Mama hakucheka. "Mimi ndiye nilisema iwekwe huko," alisema polepole. Sikulia wala sikukasirika. Nilitazama ile mashine kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu. Shule ilipofunguliwa nilimrudishia mwalimu kadi iliyokufa. Aliigeuza, akaifunga kwenye leso yake, akaendelea na somo.

Miaka yote ya diploma, na ile ya ughaibuni nikibadilisha vipuri katika chumba kisicho na dirisha, nilijua ninawafanyia kazi wale watatu walioniazima vipuri. Niliporudi nilipakia masanduku matatu kwenye gari langu mwenyewe. Karurumo nilimwachia shangazi kompyuta nzima. Mjomba nilimpa skrini pana kuliko meza yake. Aliisifu mpaka majirani wakaja, nami nikasimama pale nikingoja kufurahi. Mwisho nilifika kwa Mwalimu Kagendo, ambaye sasa amestaafu, nikamkabidhi kadi ya michoro ambayo hata wateja wangu wengi hawaimudu bei yake.

"Kadi gani, Murithi?"

Nikamkumbusha. Alifikiri kidogo. "Ah, ile. Hiyo mashine niliitupa zamani. Hii nitaichomeka wapi, kwa televisheni?"

"Haiingii, mwalimu."

"Basi asante hata hivyo. Keti, maji yamechemka."

Nikaketi. Sikuwa tena na kitu cha mtu. Siku hizi najenga kompyuta kwa saa mbili, bila daftari. Yule wa miaka kumi na mitatu alihitaji likizo nzima, na kila asubuhi aliamka akiwa na haraka. Nilikunywa chai hadi ikaisha, nikamshukuru mwalimu, nikaenda kuwasha gari.