Katlesi za Mkono wa Kulia

Mume wangu alipopata kiharusi, mkono wa kulia ndio uliokwenda. Mguu ulirudi polepole, maneno nayo yakarudi, tena na ukali wake wote, ila mkono ukabaki umejikunja kama wa mtu aliyeficha kitu kiganjani. Vidole vitatu vinashika kidogo, viwili havitaki kabisa. Ugali hawezi kuumega. Wali unamwagika kabla haujafika mdomoni. Humu ndani anakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na sie tunajifanya tunatazama televisheni.

Nje ni habari nyingine. Mtaani kwetu, huku Mtoni, mwezi wa Ramadhani wanaume hawafuturu ndani. Kila nyumba hutoa sinia lake, masinia yakapangwa juu ya mkeka kwenye baraza ya jirani yetu muuza samaki, na wanaume hukaa kuyazunguka, kila mmoja akala sinia la mwenzake. Ndivyo ilivyo tangu tunahamia hapa, barabara bado ya mchanga. Majina ya waliowahi kukaa kwenye mkeka ule ninayo yote kichwani, na la aliyekuwa anachagua sambusa zenye nyama nyingi ninalo. Sitayaandika. Wengine wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wana wake wakali.

Sasa kwenye sinia la watu mkono wa kushoto hauingii. Hakuna atakayekukemea kama ni mgonjwa, watakwambia kula mzee, kula, Mungu anajua. Lakini mume wangu alilelewa na bibi aliyempiga vidole kwa ukindu kila alipokosea mkono, na uzee haujamtoa hilo. Ramadhani ya kwanza baada ya kuumwa alifuturia chumbani, mlango kaurudishia. Wenzake walimwita dirishani, mwishowe wakaacha kumwita. Akawa anakaa kitandani anawasikiliza wanavyocheka. Nikimpelekea uji ananiuliza, "Nani yule anayecheka vile?" Ninamtajia jina. "Anacheka nini?" Mie nitajua wapi anacheka nini.

Mwaka ule alizeeka kuliko miaka yote niliyoishi naye. Nikaona Ramadhani nyingine ikipita hivyo, huyu hatoki tena humu chumbani mpaka atolewe.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: chakula ambacho vidole vitatu vya kulia vinaweza kukishika, kikafika mdomoni hakijavunjika.

Ungeniuliza zamani ningekwambia bajia, basi yamekwisha. Nyumba hii ilijulikana kwa bajia. Lakini kliniki yule binti daktari, mdogo kama mjukuu wangu, alimwamkia shikamoo vizuri, kisha akamkataza vyote anavyovipenda. Vya kukaanga asile. Chumvi apunguze. Unga mweupe apunguze. Nafaka ale ile nzima nzima, na mboga kwa wingi. Mume wangu akamsikiliza mpaka mwisho, akaniangalia, akasema, "Basi nikatiwe majani nile na mbuzi."

Ndipo nikaanza hizi katlesi za mtama. Jina lake hasa silijui, hakuna aliyenifundisha. Mtama wa kuchemsha, choroko za kuchemsha, karoti, mchicha, kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, majani ya giligilani, unaviringa, unabonyeza, unaoka. Kusema ni rahisi. Kitu cha kukaanga, mafuta ndiyo yanayokishika, yakikikamata nje kinakuwa na ganda. Cha kuoka hakina wa kukishika. Shaaban nzima nilikuwa naoka na zinavunjika. Mara ya kwanza ukiigusa inamwagika kama mchanga. Mume wangu akaokota punje moja moja kwenye kanzu, akasema, "Bibi wee, mie umeniona jogoo?"

Mara nyingine nikazidisha unga wa dengu, zikashikana, lo, zikawa ngumu. Hizo akaziita matofali. Akasema tuziweke, kijana wetu wa Tegeta anajenga.

Huyo kijana wetu ndiye aliyeleta oveni ya umeme, akaiweka juu ya meza, akanionyesha vitufe. Nilijaribu. Umeme ukakatika zikiwa nusu, zikabaki humo zimetoa jasho. Sasa oveni tunawekea vikombe, panya hawaingii. Mie nikarudi kwenye ninachokijua: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu yake, mfuniko, halafu makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mama yangu alikuwaga anaoka hivyo mikate ya mchele. Tatizo ni magoti. Jiko liko chini, mie niko juu, na kila ukitaka kuangalia lazima uiname, uondoe mfuniko wenye moto bila kumwaga jivu, uinuke tena. Siku ukifunga, ikifika alasiri, kuinama ni kazi, na kuinuka ni kazi nyingine.

Kilichonifungua macho ni uvivu. Siku moja nilichemsha mtama, nikachoka, nikauacha umefunikwa mpaka kesho yake. Ulipolala vile ukanyonya maji yake yote, ukawa unanata. Nikatwanga nusu kwenye kinu, nusu nikaiacha nzima. Mchicha na karoti nikavitia chumvi kidogo, nikavifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, nikavikamua mpaka viganja vikaniuma. Maji ndiyo yaliyokuwa yananivunjia siku zote, yale maji ya mchicha. Nikaviringa zenye unene wa kushikika, siyo nyembamba za kupendeza. Zilipoiva, moja nikampa mume wangu kwenye mkono wa kulia. Vidole vikatetemeka, ikapanda, ikafika. Akatafuna. Akasema, "Haina chumvi." Nikajua imekubali.

Ramadhani ilipoandama nikamwambia, "Kesho sinia letu linatoka, na wewe unatoka nalo."

"Na hayo matofali?"

"Na hayo matofali."

Asubuhi nikamsikia anamwambia mjukuu wetu amtafutie kofia yake ile ya vito.

Mjukuu wetu huyu anaishi na sie, anasoma chuo. Kwa utani wetu babu yake ni mumewe na mie ni mke mwenza wake, na hilo halilali, kila siku lazima anichokoze. Siku hiyo alikuwa hafungi, ana udhuru wake wa wanawake, kwa hiyo kazi ya kuonja ikawa yake. Mie nikifunga siwezi kuonja, wengine wanagusisha ulimi na kutema, mie moyo wangu haukubali. Ukipika umefunga unapika kwa pua tu.

Akachota mchanganyiko kwa kidole, akala, akafumba macho.

"Mke mwenzangu, hii haina chumvi kabisa. Unataka kumuua mume wetu kwa huzuni?"

"Kamua ndimu."

"Ndimu siyo chumvi."

"Kamua ndimu, mwanaharamu wee, na utie pilipili. Chumvi ilishampeleka hospitali."

"Wale wazee nje wakizitema mie simo. Nitasema amepika mke mkubwa."

Nikamwambia akaze kuukamua mchicha uliobaki kwa kanga, asinifanyie mikono ya chuo. Lakini alikuwa ameligusa lenyewe. Wakizitema, mume wangu atabaki peke yake na sinia lake lililojaa mbele ya watu, na hilo ni baya kuliko chumbani. Na ikivunjika mkononi mwake, ikamwagikia sinia la mwenzake, basi. Hatarudi tena, na sitakuwa na uso wa kumwambia arudi.

Nilioka mafungu mafungu, sahani ni moja. La mwisho nilichelewa. Jua limeshuka, mjukuu anaosha sinia, mie nasikia nyumba za wenzangu milango inafunguliwa, masinia yanatoka. Nikainama haraka, goti likanisaliti, mfuniko ukayumba, jivu likaingia sufuriani. Kuzigeuza nazo kwa haraka ile, kadhaa zikakatika katikati. Nikakaa chini palepale sakafuni. Nilitaka kulia, ila kulia nako kunataka nguvu.

"Bibi, umeumia?" Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Panga zilizo nzima. Hizi za jivu na zilizovunjika ziweke kwenye bakuli, tutakula wenyewe."

Alizipanga juu ya sinia, akaweka vipande vya ndimu, akafunika na kawa. Mume wangu alishasimama mlangoni na mkongojo wake, kofia upande kidogo. Nikamnyooshea kofia. Akasema, "Acha, mie siyo bwana harusi," lakini hakuinua mkono kunizuia. Mjukuu akabeba sinia, wakatoka, hatua za mtoto anayejifunza kutembea.

Mie nikasogeza kibao dirishani. Dirisha letu na baraza ile ni karibu, mtu akipiga chafya unamwambia afya.

"Haya! Leo nani katuletea bwana mkubwa!" Hiyo ilikuwa sauti ya muuza samaki, anasema kama anauza. "Sogeeni, sogeeni, apate pa kuegemea."

"Mzee, na wewe unafunga?" mwingine akauliza. Huyo ni fundi cherehani, ana ulimi.

"Mie nameza vidonge, sifungi," mume wangu akamjibu.

"Basi sie tushinde njaa, wewe uje kufuturu tu?"

"Kufuturu ndiyo fani yangu. Kufunga nimewaachia vijana."

Wakacheka. Nikamsikia na yeye anacheka. Adhana ikaita, wakanyamaza, nikajua ni tende na maji. Mie tende yangu nilikuwa nimeishika mkononi, nikaisahau humo.

Kawa likafunuliwa.

"Hivi ni nini?" fundi cherehani akauliza.

Nikavuta pazia kidogo.

"Za nyumbani kwangu," mume wangu akasema. "Kula ujue."

"Wewe anza, mwenye sinia."

Nikasimama. Kwenye uwazi wa pazia nikauona ule mkono wake. Ulitoka kwenye kanzu polepole, umejikunja vilevile, ukashuka kwenye sinia. Vidole vitatu vikakosa. Vikashuka tena, vikaibana. Ikainuka. Wote walikuwa wanaangalia vyakula vyao kwa adabu kubwa, hata yule mwenye ulimi. Ikafika kifuani. Ikasimama hapo, nikasema moyoni we mtama, kama nilikukosea nisamehe, lakini usimwagike. Ikafika mdomoni. Akang'ata. Nusu nyingine ikabaki vidoleni, nzima.

Muuza samaki akachukua yake. Akatafuna. "Pilipili ipo," akasema. Akachukua nyingine kabla hajamaliza ile. "Huyu shemeji katuficha siku zote anatulisha bajia."

Na fundi naye, "Hebu nipe hizo kabla huyu hajazimaliza. Mie daktari kanikataza mafuta mwaka wa pili huu, nawaogopa tu kuwaambia."

Nilikaa. Ndipo nikaikumbuka tende, nikala. Mjukuu akaniletea maji, akaniambia, "Mke mwenzangu, umeshinda," nikamwambia anyamaze tusikie. Lakini hakukuwa na jipya la kusikia, walikuwa wanakula na kubishana habari ya mpira.

Walipoondoka kwenda kuswali, mume wangu alirudi, mjukuu kamshika kiwiko, sinia mkono wa pili, tupu, limebaki maganda ya ndimu. Akaketi kwenye kiti chake, akavua kofia. Jasho lilikuwa linamtoka kama aliyebeba gunia.

"Zimeliwa zote," nikamwambia.

"Zimeliwa," akasema. "Mie nimepata ile moja tu."

"Moja?"

"Nikipeleka mkono mara ya pili, wameshamaliza. Wao wana vidole vyote." Akajifuta jasho kwa kofia. "Nina njaa, bibi wee."

Mjukuu akacheka mpaka akakaa chini. Mie sikuwa na nguvu za kucheka. Nikamwonyesha bakuli kwa kidevu, akalileta. Tukazikung'uta jivu, tukazila vipande vipande, mume wangu kwa kijiko na mkono wa kushoto, na safari hii hatukuangalia televisheni, ilikuwa imezimwa.

"Kesho fanya nyingi," akasema na mdomo umejaa.

Nikamwangalia. Magoti yangu yalikuwa yamevimba kama magimbi, kucha zimeingia mchicha, mgongo siujui uko wapi. Na mwezi ndiyo kwanza umeandama.

"Nyingi kiasi gani?"

"Muuza samaki peke yake mhesabie watu wawili."

Nikamwambia mjukuu aniletee ungo na mtama, nikanyoosha mguu wangu mmoja, nikaanza kuchambua. Ukichemshwa usiku huu, mpaka kesho utakuwa umelala vya kutosha.