Pale Korongo Anaporuka

Kwa miaka kumi na minne Kibet aliwafundisha watoto wa Thamesmead, London, kuruka mahali pasipohitaji mtu kuruka, na miaka yote hiyo alijua.

Siku za kazi alikuwa mhudumu wa wazee. Alipanda basi alfajiri, akaenda kuwaogesha, kuwavisha soksi na kuwachemshia chai watu ambao watoto wao walikuwa mbali. Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa mtu mwingine. Alivaa suruali nyeusi na viatu vya kitambaa, akafungua ukumbi wa jumuiya ulio karibu na ziwa, akaufagia mwenyewe, kisha watoto kumi na sita wakaingia wakimwita Sifu, kama Wachina wa kusini wanavyomwita mwalimu wa kungfu.

Ukutani ilitundikwa picha ya mzee wa Kichina mwenye ndevu nyembamba. Kila aliyeingia aliiinamia kwanza, kwa kuwa ndiyo desturi ya sanaa hiyo: hurushi ngumi kabla hujamsalimu aliyemfundisha mwalimu wako. Kibet aliwaambia kuwa huyo ni Mwalimu Chen, mhandisi wa barabara aliyepiga kambi nje ya Eldoret na kumfundisha jioni baada ya jioni kwa miaka saba. Picha aliikata kwenye kalenda ya mkahawa mmoja wa Lewisham. Mtu angeitoa kwenye fremu, angeona chini yake nusu ya juu ya neno Januari.

Mwalimu Chen hakuwahi kuwepo. Kilichokuwepo ni kanda ya video.

Kanda hiyo iliachwa na fundi mmoja wa barabara katika banda la video la Eddie, mjini Eldoret, Kibet akiwa na miaka kumi na minne. Ndani yake mlikuwa na mzee aliyevaa fulana nyeupe, amesimama uani, akifanya mfululizo mzima wa miondoko ya Korongo Mweupe, mtindo mmoja wa kungfu, bila kusema neno. Wateja walipiga miluzi wakitaka sinema ya kweli. Kibet peke yake ndiye aliyenyamaza. Alikuwa kijana wa Eldoret asiyeweza kukimbia, jambo ambalo pale, mji wa wanariadha, ni kama kuzaliwa pwani ukaogopa maji, na walimu wa michezo walikuwa wamekwisha kumwambia akae kando ashike saa. Alipomwona yule mzee akisimama kwa mguu mmoja, mikono ikipepea taratibu, alijiambia kwamba hapa hakuna anayekimbia.

Eddie alimruhusu aitazame Jumapili asubuhi, banda likiwa tupu. Siku moja mashine ikaitafuna. Eddie alikata kipande kilichoharibika, akaunganisha ncha mbili kwa selotepu, akasema, "Imepona." Tangu siku ile mzee wa kwenye kanda aliinua mkono wa kulia, na kufumba na kufumbua akawa hatua mbili mbele, amesimama kwa mguu wa kushoto. Kibet alikuwa bado hajajifunza hadi pale. Alijifunza alichokiona. Aliruka.

Alipokua alielewa, lakini miguu ilikuwa imezoea. Kisha akaja London, akaanzisha darasa, na mtoto wa kwanza aliyeuliza ule mruko ni wa nini alijibiwa papo hapo: "Hapo korongo anavuka mto." Kibet alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka laini. Mengine aliyowaeleza yalitoka kwenye vitabu vya maktaba, na aliyasema kwa moyo safi: kwamba mitindo ya kaskazini hupenda mateke marefu na miruko, na ya kusini husimama imara na kupigana kwa mikono, karibu karibu, kwamba Korongo Mweupe ni wa kusini, na husimuliwa kuwa ulianzishwa na msichana aitwaye Fang Qiniang, aliyejaribu kumfukuza korongo kwa fimbo akashindwa kumgusa hata mara moja. Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza mbona mtindo wa kusini una mruko mkubwa hivyo.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Poonam, msichana wa miaka kumi na sita kutoka Plumstead, aliyeanza akiwa na saba. Nyanya yake, Bibi Gurmit, alizaliwa Kisumu, na mpaka leo hukasirika kwa Kipunjabi na kuomba radhi kwa Kiswahili. Poonam alikisikia Kiswahili chote, ila alijibu kwa Kiingereza.

Novemba, vilabu vya kungfu vilikutana katika ukumbi wa shule moja huko Southall. Hakukuwa na medali, kila kilabu kilionyesha tu mtindo wake. Walipanda treni Abbey Wood, Bibi Gurmit na chupa ya chai na mfuko wa bajia.

"Kula, Mwalimu," alisema. "Korongo gani hii, haina nyama hata kidogo?"

"Nikila, Mama, nitashindwa kuruka."

"Basi wewe usiruke. Huyu ataruka."

Poonam aliruka. Aliinua mkono wa kulia, akapaa hatua mbili, akatua kwa mguu wa kushoto bila kutikisika. Watu wa kilabu kimoja cha mbele walitazamana wakacheka. Alipomaliza, mwanamke mzee aliyekaa kiti cha wageni alimwita kwa kidole. Alikuwa Bibi Lim, mzaliwa wa Malaysia, aliyefundishwa Korongo Mweupe na baba yake.

"Pale katikati, mwanangu, kwa nini unaruka?"

"Korongo anavuka mto," Poonam alisema.

Kicheko kikaenea. Bibi Lim hakucheka. Alimtazama Kibet, akimpa nafasi. Ilikuwa nafasi ya sekunde tatu hivi. Kibet aliona nyuso zote zimemgeukia, akaona picha ya kalenda, akaona banda la Eddie, na mdomo wake ukasema:

"Amesahau. Ni woga tu. Huwa hafanyi hivyo."

Poonam aligeuka akamwangalia. Alimwinamia Bibi Lim, akarudi kwenye kiti chake masikio yakiwa mekundu.

Ndani ya treni msichana aliziba masikio kwa muziki. Bibi Gurmit alishika mfuko wa bajia mapajani na hakumkaribisha mtu. Karibu na Farringdon alisema, bila kumtazama Kibet, "Huyu mtoto hasahau, Mwalimu. Mimi nimemwona akiruka ile kitu jikoni kwangu miaka tisa. Amevunja sahani mbili."

"Nilichanganyikiwa, Mama."

"Hapana. Uliogopa. Kuchanganyikiwa ni kitu ingine."

Kibet alishuka Abbey Wood akatembea mpaka nyumbani ijapokuwa basi lilikuwa linasubiri. Wiki nzima aliona haya hata mbele ya wazee wake wasiojua siku wala mwezi. Alipokuwa akimkausha mmoja wao miguu, yule mzee alimwambia, "Wewe ni mtu mwema," na Kibet akatoka kwenda kusimama korido mpaka uso ulipopoa. Kudanganya juu ya Chen lilikuwa jambo lake mwenyewe, alizoea kulibeba. Ila sasa alikuwa amemtwisha mtoto wa watu.

Alidhani Jumamosi Poonam hatakuja. Alikuja. Kama kiongozi wa darasa, ndiye aliyesimama mbele kuongoza salamu kwa picha, lakini hakuinama, na wengine nyuma yake wakababaika, nusu wameinama, nusu wamesimama. Kibet alijifanya hakuona. Akawaamuru waanze mfululizo.

Walifika pale. Watoto kumi na watano waliruka, sakafu ikalia kishindo kimoja. Poonam alibaki nyuma yao, mkono wa kulia juu, ametulia kama sanamu.

"Poonam," Kibet alisema kwa sauti ndogo. "Endelea."

"Nimesahau, Sifu." Kwa mara ya kwanza alimjibu kwa Kiswahili, polepole, kila neno limenyooka. "Nikumbushe."

Kibet alisikia mabomba ya joto yakigongagonga ukutani. Alijua angeweza kusema lolote na wale kumi na watano wangeliamini, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Akaenda akaitungua picha. Akaifungua fremu, akawaonyesha lile neno lililokatwa nusu. Kisha akawaambia kuhusu banda, kanda, mashine na selotepu. Alisimulia akitazama viatu vyake vya kitambaa. "Poonam hakusahau kitu," alimaliza. "Alifanya sawasawa nilivyomfundisha. Mimi ndiye niliyesema uongo, Southall na hapa."

Halafu Sunny, mvulana wa miaka tisa asiyeweza kunyamaza, akauliza, "Kwa hiyo ule mto... ni video imekwama?"

Wakacheka wote, wakaanza kuganda na kuruka, kuganda na kuruka. Kibet aliwaacha. Aliona ni haki yao, na kila kishindo kilimpata kifuani. Poonam peke yake hakucheka.

"Na yule bibi?" aliuliza, akirudi kwenye Kiingereza chake. "Yeye bado anadhani mimi ndiye niliyesahau."

Jumapili iliyofuata Kibet alikwenda peke yake Southall, kwenye ukumbi ambako Bibi Lim alifundisha. Alimkuta Bibi Lim akikunja jamvi baada ya darasa lake.

"Nimekuja kusema yule msichana hakusahau," alianza, na mengine yakafuata.

"Nilijua," Bibi Lim alisema. "Aliyesahau husitasita. Yule aliruka vizuri mno. Umewahi kuona mtu akisahau kwa ustadi kiasi kile?"

Hapo Kibet, badala ya kunyamaza, akatafuta pa kujishikiza. Alisema hata chanzo cha kungfu chenyewe kina mashaka, kwamba yule mtawa kutoka India anayesemekana kuwafundisha watawa wa hekalu la Shaolin aliandikiwa sifa hiyo karne nyingi baada ya kufa, vitabu vinakiri.

"Ni kweli," alisema Bibi Lim. "Askari, walinzi wa misafara, wakulima waliolinda vijiji vyao, hao ndio waliotuachia mikono hii, na wengi hakuna aliyeandika majina yao. Hata msichana wa korongo, baba yangu alimsimulia kila mara kivingine. Lakini hadithi hizo hazijawahi kumsimamisha mtoto mbele ya watu zikasema amesahau."

Kibet aliinamisha kichwa. Kisha akaomba afundishwe kipande kilichokatwa.

"Nani anakuleta?"

Hakuelewa. Bibi Lim akamweleza kwamba kwa baba yake mtu hakujipeleka kwa mwalimu. Aliletwa na mtu anayemjua, aliye tayari kusema mbele ya wote, huyu namjua, akiharibu aibu ni yangu pia. Hapo ndipo anayeletwa humimina chai, na mwalimu akiinywa, amempokea. "Rudi na mtu," alisema, akaliegemeza jamvi ukutani.

Safari nzima ya treni Kibet alipekua majina kichwani. Wenzake kazini walimjua kama mtu mpole anayekubali zamu za Krismasi. Kanisani walimjua kwa sauti ya besi. Aliyemjua alivyo alikuwa mmoja tu.

Poonam ndiye aliyefungua mlango, Plumstead. Kibet alisema shida yake pale pale nje, haraka, kabla ujasiri haujamwisha.

"Unataka mimi nikubebee aibu tena," Poonam alisema.

"Ndiyo." Hakupata namna nyingine ya kulisema. "Safari hii nakuomba kwanza. Ukikataa ni sawa."

Msichana aliegemea mlango. "Sitasema wewe ni mtu mzuri."

"Usiseme."

"Nitasema nakujua. Basi."

"Ingieni ndani!" Bibi Gurmit alipiga kelele kutoka jikoni. "Mnaleta baridi kwa nyumba!"

Wakaenda Jumapili, watatu. Kibet alipiga magoti sakafuni, mtu wa miaka arobaini na saba, mbele ya watoto wenye umri wa wanafunzi wake. Bibi Lim akauliza nani anamleta, na Poonam akasimama.

"Mimi. Namjua," alisema, asiongeze neno.

Kibet alimimina chai. Kiasi kilimwagika kwenye kisahani, na mtu nyuma akaguna. Bibi Lim alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mara moja, akakiweka chini.

"Simama. Inua mkono wa kulia," alisema. "Juu zaidi. Sasa usiruke."