Springi Fupi na Magoti ya Mama

Kwa miaka ishirini na mbili fundi wa magari alikuwa na sharti moja lililowachosha wateja: hashushi gari la mtu likae karibu na ardhi mpaka wote wanaolipanda waje wakae ndani, naye apime. Wengi walinuna, lakini walikuja.

Mdogo wake hakuja na mtu. Alikuja na springi nne fupi, nyekundu kama midomo ya bibi harusi, na maneno mengi.

"Kaka, lishushe gari langu vidole vinne tu. Limesimama kama mbuzi aliyeona chui."

"Mama umemleta?"

"Mama wa nini? Yeye anapanda Alhamisi tu, kliniki ya nyonga."

"Mlete nimpime."

"Aa, kaka! Hii gereji au ofisi ya pasipoti?"

Alimganda siku tatu. Alimfuata chini ya magari, akamfuata kwenye chai, akamfuata mpaka mlango wa choo. Siku ya nne fundi alichoka hata kukataa. Alizifunga zile springi, akapima huku mdogo wake akiwa peke yake kwenye usukani, akanawa mikono bila kumtazama.

Alhamisi mchana simu ililia. "Kaka, njoo nyumbani. Njoo na jeki."

Alimkuta Mama bado garini, mlango wazi, mkoba mapajani, magoti yamekaribia kidevu. Kuingia asubuhi alijiachia tu, akadondoka kitini. Kliniki walifika, kutoka kukashindikana. Daktari ambaye Mama alimsubiri miezi miwili, hakumwona.

"Tumvute taratibu," mdogo mtu alinong'ona.

"Nani avutwe? Nimeshavutwa leo na manesi wawili kama gunia!" Mama alifoka. "Hivi nyinyi ndio niliowazaa?"

Fundi alisukuma jeki chini ya gari, akaanza kupandisha. Mama akapanda nalo polepole, kashika mkoba, uso umekunjamana.

"Hapo," alisema. Akashusha miguu, akashika mlango, akasimama mwenyewe.

Fundi alitoa futi, akapima kutoka ardhini hadi kwenye kiti, akaandika kipimo kwa chaki mlangoni.

"Springi zako za zamani nimezihifadhi rafuni," alimwambia mdogo wake kwa ukali. "Nilijua tu utazirudia."

Mama akageuka. "Ulijua? Na bado ukafunga?"

Fundi alikuwa na mengi ya kumsema mdogo wake, ameyapanga njia nzima. Alirudisha futi mfukoni, akainama kutoa jeki.