Fundi madema wa Port MacDonnell na grinda ya zawadi

Uvumi wenyewe nilikutana nao kwenye foleni ya duka la mikate: grinda ya bei rahisi imepasuka huko Port MacDonnell, mji wa wavuvi, na kumkata mwanamume shingo, amesimama ndani ya gereji yake mwenyewe. Kufika duka la dawa, wanaume walishakuwa wawili. Ijumaa, kwenye geti la shule, mama mmoja alinieleza hadi nyimbo zilizoimbwa kanisani siku ya maziko.

Nilijaribu kuupuuza, ukanishinda. Nyumbani kwangu kuna mwanangu wa miaka ishirini na mbili, na kwenye simu yake kuna picha ya grinda ya namna hiyohiyo, ile mashine ya mkono ya kukata na kusaga chuma. Ameipenda kwa sababu bei yake haizidi ya pai sita za nyama.

Basi nikaendesha gari hadi pwani, nikaulizia nyumba ya msiba. Nikaonyeshwa. Aliyenifungulia mlango ni marehemu.

"Karibu ndani, mama," alisema Rex Hartwig, mwenye miaka sitini na tatu, kikombe cha chai mkononi na kovu bichi chini ya taya. "Ukitaka kulia, lia tu. Ila chakula cha rambirambi kimekwisha."

Majirani walikuwa wameleta mabakuli ya kuku, kondoo na viazi wiki nzima, wakiyaacha barazani ili wasiwasumbue wafiwa. Rex anakiri kwamba hakutoka kuwasahihisha mpaka alipomaliza bakuli la nyama ya kondoo.

Lakini habari hii si ya Rex. Ni ya mke wake, na mke wake hakai sebuleni kuhojiwa. Ukitaka maneno yake, uyafuate kazini, mapema.

Saa kumi na mbili asubuhi, Glenys Hartwig, miaka hamsini na tisa, yuko gerejini. Gereji hiyo haijaona gari tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Upande mmoja kuna friji la bia lenye tundu mlangoni. Upande wa pili kuna meza ndefu, na juu yake fremu za chuma zinasubiri kuchomelewa.

Amevaa miwani, na juu ya miwani ngao ya plastiki inayofunika uso mzima. Masikioni ana vizibo. Anaishika grinda kwa mikono miwili, anasogea hatua moja pembeni, ndipo anawasha. Cheche zinatiririka kuelekea ukutani. Ananyanyua kidole, na jiwe, lile duara jembamba linalokata, linasimama karibu papo hapo.

"Umesikia?" anauliza. "Kimya hicho nimekinunua kwa hela."

Glenys anatengeneza madema, mitego ya kambakoche. Chini ni fremu ya nondo nyembamba, ubavuni mbao za msonobari, kisha wavu wa waya, na juu shingo ya plastiki ambayo kambakoche akishaingia hapati njia ya kutokea. Dema likiwa baya, bahari inalivunja mwezi wa kwanza. Ya Glenys hurudi msimu baada ya msimu, na pale gatini watu huyajua kwa kuyatazama tu.

Alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha kupasua mbao karibu na Mount Gambier, kazi yake kunoa misumeno. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Zamu zilipopunguzwa, alitoka na malipo ya kuachishwa, akanunua mashine, akamwambia Rex aegeshe gari nje.

Huu ni mwaka wa kumi na moja sasa. Dema moja anauza dola 180. Akitoa chuma, mbao, wavu na umeme, anabaki na kama sabini. Msimu mzuri anatengeneza mia mbili hivi.

"Sijamwomba mtu kazi tangu siku ile," anasema. "Wao ndio huniomba mimi. Andika hivyohivyo, usipunguze."

Mwaka huu aliyemwomba ni Dougal Pascoe, nahodha aliyenunua boti jipya. Alitaka madema mapya sitini, yote yawe tayari kabla ya Oktoba mosi, siku msimu unapofunguliwa. Alimwambia kinagaubaga kwamba likikosekana hata moja, mwakani ataagiza kiwandani, ng'ambo ya mpaka wa jimbo la Victoria. Glenys alijua Dougal akienda, wengine watamfuata. Jina lake lote lilikuwa limewekwa kwenye madema hayo sitini.

Mwishoni mwa Agosti, grinda yake ya tangu siku ya kwanza ikafa. Nyingine ya kiwango hicho ilikuwa dola 329. Hela zake nyingine zilishageuka chuma cha Dougal, hivyo alizobaki nazo zilitosha mashine moja nzuri, basi. Na drili nayo ilishaanza kukohoa.

Hapo ikaingia Siku ya Akina Baba, ambayo huku ni Jumapili ya kwanza ya Septemba.

Wiki hiyo visanduku vya barua vya hapa hujaa vipeperushi vya vifaa, na kila baba hupewa kitu chenye waya, atumie asitumie. Rex hatumii. Mtaa mzima unamwita Radi, kwa sababu tangu azaliwe hajafanya jambo lolote haraka. Hata hivyo watoto wao wakubwa, Janelle na Shane, walichanga wakamletea begi zima: grinda, drili, msumeno wa umeme, mashine ya msasa na taa. Vyote vitano, dola 149.

"Shane aliponipa habari ya bei aliniangalia mimi, siyo baba yake," anakumbuka Glenys. "Akasema, 'Mama, mzee atakuazima.' Sura yake ilivyofurahi, ningemwambiaje kwamba ameniletea takataka?"

Hakumwambia. Dola zake 329 akazirudisha kwenye kopo la kahawa, akaanza madema ya Dougal kwa grinda ya zawadi. Anasema alijua. Alijua kwa uzito wake tu mkononi, mwepesi kama kitu cha kuchezea, na kwa jinsi ilivyotetemeka hata ikiwa haikati kitu. Akajiambia ni madema sitini tu, itafika.

Haikufika. Alikuwa amemaliza ishirini na mawili. Mtetemo ulikuwa umelegeza kinga, kile kipande cha chuma kinachofunika nusu ya jiwe, kikazunguka upande usiotakiwa bila yeye kuona. Nondo ikalibana jiwe. Likapasuka.

Kipande kimoja kilitoboa friji la bia. Kingine kilimpata Rex, aliyekuwa amesimama mlangoni na chai ya mkewe. Glenys akaachia swichi, mashine ikakataa kuzima. Ikaanguka sakafuni ikaendelea kurukaruka, akakimbilia ukutani akang'oa plagi.

Hospitalini Rex alishonwa nyuzi nane. Daktari alimwonyesha Glenys kwa kidole mahali mshipa mkubwa ulipo. Kati ya mshipa na jeraha palikuwa na upana wa kidole kimoja.

"Mimi nilikuwa namuuliza nani atalipia friji," anasema Rex.

"Alikuwa haulizi kitu," anasema Glenys. "Alikuwa amenishika mkono, hataki kuuachia."

Wakiwa njiani kurudi, Rex alimsihi ampigie Dougal simu amwambie atafute fundi mwingine. Hakuna kambakoche wa thamani ya shingo, ndivyo alivyosema. Glenys aliendesha gari mpaka nyumbani. Kisha akamwambia kwamba hela iliyo kwenye kopo ni ya kununua mashine, siyo ya kununua maneno ya kuomba radhi.

Asubuhi yake Shane alikuja, uso umemshuka. Alitaka abebe begi lote akalitupe, kisha akope amnunulie mama yake kila kitu cha bei ya juu. Glenys akamkalisha. Akavipanga vile vitano mezani, akachukua bisibisi, akavifungua kimoja baada ya kingine.

Ndani ya grinda walikuta beringi kavu isiyo na grisi, imekaa kwenye plastiki iliyoanza kuyeyuka. Ndani ya drili nako hakukuwa kuzuri. Lakini Glenys hakuitupa drili.

"Nilijiuliza swali moja kwa kila kifaa," anasema. "Siku kitakayonifia mkononi, kitafanya nini? Drili itanuka moshi, itanyamaza, na mimi nitakwenda kunywa chai. Taa itazimika. Ya msasa itaacha kutetemeka. Grinda itanirukia. Msumeno utanirukia. Basi hela yangu yote naipeleka kwa vinavyoruka. Vinavyonyamaza, hata vya bei ya pai vitanitosha."

Shane akasema vinavyoruka ni viwili na hela ni ya kimoja.

"Nikamwambia, mwanangu, mama yako amenoa misumeno kabla hujaota meno."

Akanunua grinda nzuri. Msumeno wa umeme wa kwenye begi akaukata waya, asije mtu akaujaribu. Mbao zote zilizobaki alizikata kwa msumeno wa mkono, alioutoa ukutani na kuunoa mwenyewe. Matundu yote yalitobolewa na drili ya zawadi. Ilipata moto mara mbili, ikanyamaza, akanywa chai, ikaamka. Ipo hadi leo, na inafanya kazi.

Hakuficha kwamba siku ya kwanza na grinda mpya alishindwa kuiwasha. Alisimama nayo, akairudisha mezani, akafagia gereji ambayo haikuwa chafu. Rex alichora mstari wa chaki sakafuni, akasema yeye hatavuka pale mashine ikiwa inazunguka, na akakaa nje ya mstari huo na kiti chake. Ndipo Glenys akawasha.

Septemba thelathini, kabla ya chakula cha mchana, Dougal alikuja na lori.

"Nimesikia mumeo amekufa," alisema. "Pole sana, Glen. Madema yangu yako wapi?"

"Marehemu anayapanga hapo nje," Glenys akajibu. "Ana nafuu, ila bado ni mzito."

Dougal ana namna yake ya kukagua. Alichagua dema moja la katikati, akapanda nalo juu ya lori, akaliachia lianguke kwenye zege. Liliruka, likatua wima, zima. Akachagua lingine, akaliachia. Kisha akashuka, akahesabu mpaka sitini, akasema mwakani atahitaji themanini.

Glenys akamwambia aandike jina lake mapema, kwa sababu foleni ni ndefu. Wakati huo foleni haikuwepo. Sasa ipo: manahodha watatu wamepiga simu tangu msimu ufunguliwe.

Kwa ajili yao ameshafunga meza ya pili sakafuni. Ni ya Janelle, ambaye hufanya kazi kwenye duka kubwa la vyakula Mount Gambier na ameanza kuja kila Jumatatu kujifunza kuchomelea. Glenys anataka kibao kidogo cha bati kinachofungwa kwenye kila dema kisomeke Hartwig na Binti.

"Anachomelea vibaya," anasema, na uso wake wote unacheka. "Lakini anachomelea vibaya kama nilivyokuwa mimi. Mwakani mtamjua."

Majira ya baridi yajayo anakusudia pia kufungua gereji Jumamosi kwa mtu yeyote anayetaka kununua kifaa chake cha kwanza. Aje nacho kabla hajatupa risiti.

Kwa ambao hawawezi kungoja hadi Jumamosi hizo, haya ndiyo ya kuepuka. Mengi ni yake. Machache yameongezwa na mzazi asiyelala vizuri.

Epuka begi la vifaa vingi kwa bei ya kimoja, kama ndani yake kuna kinachokata.

Epuka pia kununua cha bei ya juu kwa kazi ya mara moja kwa mwaka. Drili ya kutundikia picha haihitaji kuwa ya fundi wa kiwandani.

Usidanganywe na namba kubwa ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. Kishike kifaa, kiwashe, achia swichi. Kisipozima palepale, kiache dukani.

Usinunue grinda ambayo duka la karibu nawe haliuzi vipuri vyake.

Usiache kununua cha mitumba kilicho kizuri eti kwa kuwa kimechubuka. Lakini usikinunue kama kinga imeng'olewa au waya umefungwa kwa utepe.

Usifunge jiwe kubwa kuliko kinga. Usifunge jiwe ambalo kasi iliyoandikwa juu yake ni ndogo kuliko ya mashine. Usitumie jiwe lililopitwa na tarehe, lililolowa au lililoanguka.

Usisage kwa ubavu wa jiwe la kukatia.

Usiweke betri bandia kwenye mashine halisi, wala usiache betri ikichajiwa usiku kucha karibu na mlango mnaopitia.

Usikubali kifaa kibovu kwa sababu aliyekupa unampenda. Mshukuru, kisha mwambie.

Usisimame kwenye njia ya jiwe linapozunguka, na usiwashe mpaka ujue wote walio nyumbani wako wapi.