Pushapu Mia Mbili za Aristides wa Keza

Aristides wa Keza alikuwa na miaka arobaini na tisa, migomba ya kutosha, mibuni ya kulalamikia, na mikono miwili ambayo kitongoji kizima kiliijadili kama mkutano wa kijiji unavyojadili choo cha shule: kwa uchungu mwingi na bila mtu wa kwenda kuchimba.

Kabla ya Aprili hakuna aliyejua kwamba ana mikono.

Kitongoji chao kiko juu ya kilima ambacho pikipiki hukipanda kiangazi na kukiheshimu masika. Mvua ikikolea, mgonjwa hushushwa hadi barabarani kwa machela: miti miwili, kitanda cha kamba katikati, wanaume wanne chini yake na wengine wanne wakifuata nyuma ili kupokezana. Penye mteremko wale wawili wa mbele huinua miti juu ya mabega kwa mikono, mgonjwa akae sawa, asije akateleza akafika chini kabla yao. Kikundi cha wabebaji kina mwenyekiti, mzee Hakizimana, ambaye hajawahi kuongoza kitu kingine, kwa hiyo hiki anakiongoza kama nchi.

Sheria zake ni chache. Ukichoka unasema "pokea", mwenzako anaingia, na hakuna wa kukucheka mpaka mfike. Isipokuwa mgonjwa akiwa wa nyumbani kwako. Mtu hasemi "pokea" akiwa amembeba mke wake au mzazi wake. Watu watasema amemchoka.

Aprili walimbeba Esperansia, mke wa Aristides. Yeye mwenyewe alishika mbele kushoto. Katikati ya mteremko mikono ikaanza kutetemeka. Akanyamaza, kama sheria inavyotaka. Halafu mti ukamponyoka, na Esperansia akateleza taratibu na blanketi lake mpaka kwenye shina la mbuni wa watu.

Alicheka. "Ungeniambia tu nishuke nitembee," alisema.

Wiki mbili baadaye alifariki hospitalini, kwa ugonjwa aliokuwa nao tangu Januari. Daktari alisema kuanguka kule hakuhusiki. Padre alisema hivyo hivyo. Derick wa bodaboda naye alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Aristides aliwaitikia wote "sawa". Msibani hakulia. Akiambiwa kaa, alikaa. Akiambiwa kula, alikula, hata maharage yaliyoungua, na wanawake wakatazamana. Jirani yake, Mama Mukandayisenga, alimchunguza usoni kama anayechagua mbegu, akaondoka bila kupata hata moja.

Baada ya matanga mzee Hakizimana akaja.

"Mdogo wangu, kikundi kimekaa."

Kikundi kikikaa, kuna mtu ataangushwa. Aristides alijua ni nani.

"Hutatoka kikundini. Ila utabeba mwavuli na kifurushi cha nguo za mgonjwa."

"Mwavuli hubebwa na wanawake."

"Wamekubali kukupisha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mikono irudi."

Alitaka kurudi kwenye mti. Mwaka ule hakutaka kitu kingine. Usingizi, chakula, salamu, vyote alivipokea tu vilipokuja, kama karatasi za uchaguzi. Lakini mti aliutaka, na hakuweza kumweleza mtu sababu, kwa kuwa alipoitafuta ndani yake alikuta pamefagiwa.

Derick ndiye aliyempa dawa. "Mzee, piga pushapu. Makomandoo wanapiga mia mbili kila siku." Derick hajawahi kupiga hata moja, makomandoo anawajua kwenye simu.

Hapo Aristides akafanya kosa ambalo mtu wa mjini asingelifanya. Jumamosi asubuhi, jumuiya ndogo ndogo ilipokuwa ikisali nyumbani kwa Suzan, ulifika wakati wa nia. Mmoja aliombea mvua, mwingine mkwe. Zamu yake ilipofika alifungua mdomo ili useme chochote, ukasema:

"Nampa Mungu ahadi ya kupiga pushapu mia mbili kila siku, mpaka kikundi kinirudishe kwenye mti."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," jumuiya ikaitikia kwa sauti moja. Midomo ilikuwa imezoea. Baada ya kuitikia ndipo watu walipofumbua macho.

Suzan, katibu, alikuwa ameshaandika kwenye daftari.

"Nilikuwa nawaza tu kwa sauti," Aristides alimwambia baada ya sala.

"Ungewaza kabla hatujaitikia. Sasa ni nadhiri."

Siku ya kwanza alifikisha kumi na moja, akalala pale pale uani, shavu kwenye vumbi, kuku wakimzunguka kama waombolezaji. Akapumzika, akapiga nne. Akapumzika, akapiga tatu. Mia mbili ilitimia jua likizama. Usiku huo alinyanyua kikombe cha uji kwa mikono miwili, kama padre anavyoinua kalisi.

Kesho yake tena. Na kesho kutwa.

Mama Mukandayisenga alisimama mpakani, jembe begani. "Mwanangu, umepoteza nini huko chini?"

"Shikamoo, mama. Sijapoteza kitu."

"Marahaba. Basi mbona unaenda kukiangalia kila mara?"

Aristides alikuwa kwenye thelathini na nane. Hiyo ndiyo faida pekee aliyoiona: kati ya thelathini na nane na thelathini na tisa hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine kupita. Alihesabu, akashuka, akapanda. Kifua kilipanuka. Shati la kanisani likakataa kufunga vifungo. Wajane wawili wa kule Mugoma wakaanza kuulizia habari zake kupitia kwa Derick. Aliposikia alisema "sawa", na Derick akakosa la kuwapelekea.

Suzan alikuja kukagua kila Ijumaa, daftari kwapani. Alikalia kigoda akahesabu naye.

"Hiyo siiandiki."

"Kwa nini?"

"Tumbo limetangulia, mikono imefuata. Rudia. Mungu haibiwi."

Alirudia.

Vuli ilikuja kwa fujo. Asubuhi moja ya Novemba, Aristides akiwa ndiyo kwanza amemaliza mia mbili za siku hiyo, filimbi ya Hakizimana ikalia. Mzee Havyarimana alikuwa amepooza upande mmoja, naye ni mtu wa mwili mkubwa. Watu husema anapoketi kanisani, benchi husali kabla yake. Gari la zahanati lilikuwa linasubiri chini, barabarani. Mwanawe, Frednand, akashika mbele kushoto. Aristides akapewa mwavuli.

Alitembea pembeni akimfunika mzee uso. Mikono yake ilikuwa uji mtupu. Walipofika penye mteremko, wa mbele wakainua miti. Hatua kumi. Ishirini. Aristides akaona kiwiko cha Frednand kikicheza. Kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe inapotuliwa na nzi. Nyuma ya Frednand mpokeaji alikuwa akitembea mikono mitupu, akisubiri neno ambalo Frednand hawezi kulitamka.

Aristides alifunga mwavuli.

"Frednand, lete mti."

"Ni baba yangu."

"Najua. Lete."

"Sijasema pokea mimi!"

"Hujasema. Nimesema mimi."

"Aristides!" mwenyekiti akafoka kutoka nyuma. "Rudi kwenye mwavuli! Nani amekupa ruhusa?"

Aristides alikuwa ameshaingiza bega. Frednand akatoka upande wa pili, akasimama kwenye mvua akijitazama viganja, halafu akaokota mwavuli na kukimbilia kumfunika baba yake. Mti ulikuwa mzito kuliko pushapu zote. Mikono ya Aristides ilitetemeka kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, na haikushuka. Mzee Havyarimana alifika barabarani akiwa sawa kama maji kwenye ndoo, akapakiwa, gari likaondoka.

Watu wakasubiri amri ya mwenyekiti. Hakizimana alijifuta uso kwa kofia, polepole, akitafuta sheria.

"Umevunja utaratibu," alisema hatimaye. "Na kuanzia leo, mbele kushoto ni kwako."

"Sawa," alisema Aristides.

Frednand akaangua kilio, mtu mzima, pale pale barabarani. Watu wakamshika. Aristides alimtazama kwa makini, kama mtu anayejifunza kazi.

Jumamosi, kwenye jumuiya, Suzan alifungua daftari. "Nia ya Aristides imetimia, nadhiri imekwisha. Safari hii tukuandikie nia gani?"

Wote walimtazama. Alitafuta. Alitafuta kweli, akifumba macho, mpaka kuku wa Suzan wakaingia ndani na kutoka.

"Andika tu kwamba nipo."

"Hiyo ni nia?"

"Sijui."

Suzan aliitazama kalamu yake, akaandika, akaita jina linalofuata.